Kabla Hujasema "Kang'oe": Jinsi Mfupa na Nyuzi za Jino Vinavyooteshwa Upya

Hapa chuoni jino likisumbua, ushauri ni mmoja tu: kang'oe. Rumeti atakuambia hivyo, mama mdogo kwenye simu atakuambia hivyo, na yule jamaa wa chumba cha pili ambaye hajawahi hata kukanyaga kliniki ya meno atasema kwa sauti kubwa kuliko wote. Jino likianza kucheza ndiyo kabisa, kesi imefungwa. Tumezoea kuamini kwamba jino linalocheza limeshakufa, kama tawi kavu, na kazi ya daktari imebaki kukusaidia kulitoa bila kelele.

Lakini jino linaweza kucheza likiwa zima kabisa. Kinachokuwa kimeharibika ni vile vitu vinavyolishika. Na tangu miaka ya 1980 kuna upasuaji mdogo wa fizi ambao lengo lake ni kuvirudisha vitu hivyo: mfupa, nyuzi, na ganda la mzizi. Mimi nimeamua kuuita uoteshaji elekezi wa tishu. Msinicheke, kama tuna bei elekezi ya mafuta hatushindwi kuwa na tishu elekezi.

Nasoma ualimu, si udaktari. Mada hii niliipata kwa rafiki yangu tuliyemaliza naye kidato cha sita, ambaye sasa anasoma udaktari wa meno. Alikuwa anajiandaa kwa prezentesheni akahitaji msikilizaji asiyejua chochote, nami nilikuwa na sifa zote. Nilichotarajia ni usingizi. Nilichokuta ni wazo ambalo mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya darasa angelielewa haraka kuliko daktari.

Tuanze na jino lenyewe. Wengi tunadhani limesimikwa kwenye taya kama nguzo iliyomwagiwa zege. Sivyo. Kati ya mzizi wa jino na mfupa wa taya kuna nafasi nyembamba sana, kama robo ya milimita hivi, na ndani ya nafasi hiyo kuna maelfu ya nyuzi zinazotoka kwenye mfupa na kuingia kwenye mzizi. Kama umewahi kulala kwenye kitanda cha kamba kijijini, umeshaelewa: mwili haugusi mbao, unabebwa na kamba zilizofungwa pande zote. Jino nalo limeninginizwa hivyohivyo. Nyuzi hizo kwa pamoja ndizo zinaitwa ligamenti ya jino. Upande mmoja zimejichimbia kwenye mfupa wa taya, upande mwingine zimejichimbia kwenye ganda jembamba gumu lililofunika mzizi, linaloitwa sementi (hii si ya mfuko wa kilo 50). Kisha fizi inakuja juu na kukumbatia shingo ya jino kama kola ya shati.

Ligamenti hiyo si kamba tu, ina mishipa ya fahamu. Ndiyo maana ukitafuna wali ukakutana na kijiwe unashtuka hapohapo na taya linasimama lenyewe kabla hujafikiri. Na ndani yake kuna seli ambazo zina uwezo wa kujenga sementi mpya na nyuzi mpya. Zishikilie seli hizo kichwani, tutazirudia.

Sasa, vitu hivi vinaharibikaje? Ule utando laini unaousikia kwa ulimi asubuhi kabla hujapiga mswaki, yaani ukoga, ni makazi ya bakteria. Ukiachwa siku nyingi unanyonya madini ya mate na kuwa mgumu kama chokaa, na hapo mswaki hauuwezi tena. Fizi inavimba. Vitabu vinasema inakuwa nyekundu, lakini kwa sisi tulio wengi wenye fizi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, kwa hiyo ishara ya kuangalia ni damu: kwenye mswaki, kwenye embe ulilong'ata, kwenye mate unapotema. Watu wengi wakiona damu wanaacha kabisa kupiga mswaki eneo lile, eti wasijiumize. Ni kinyume cha inavyotakiwa. Katika hatua hii ukiondoa ukoga fizi inarudi ilivyokuwa, hakuna kilichopotea.

Kwa baadhi ya watu mambo hayaishii hapo. Mwili unapopigana na bakteria wale kwa muda mrefu, silaha zake wenyewe zinaanza kuyeyusha nyuzi na mfupa ulio jirani. Fizi inaachana na jino na panatokea mfuko. Fizi yenye afya ina kifereji kidogo kuzunguka jino, chenye kina cha milimita 1 hadi 3. Mfuko wa ugonjwa unaweza kufika 6, 7 au zaidi, na huko chini hakuna mswaki wala uzi wa meno unaofika, kwa hiyo bakteria wanaishi kwa amani. Kibaya zaidi ni kwamba hauumi. Jino likitoboka utalia usiku kucha, lakini ugonjwa huu unaweza kula nusu ya mfupa na wewe bado unakula chipsi mayai bila habari. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria kwamba ugonjwa mkali wa namna hii uko kwa zaidi ya watu bilioni 1 duniani.

Najua mtu atasema hayo ni ya wazee. Mara nyingi ni kweli, ugonjwa huu hukomaa na umri. Lakini kuna aina yake moja ambayo kila mwanafunzi anapaswa kuijua, kwa sababu huanza umri wa kubalehe. Hushambulia magego ya kwanza na meno ya mbele, hula mfupa haraka, na mara nyingi mdomo wenyewe ukiutazama unaonekana msafi tu. Imeonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Huko Moroko watafiti waliwafuatilia wanafunzi wa shule kwa miaka miwili na kuchapisha matokeo yao katika jarida la Lancet mwaka 2008: vijana waliokuwa na kizazi kimoja maalumu cha bakteria, kinachojulikana kama JP2, walikuwa na hatari kubwa mno ya kuanza kupoteza mshiko wa meno kuliko wenzao wasio nacho. Tunaongelea watoto wa sekondari. Kijana wa namna hiyo akifika miaka 19 gego linacheza, anaambiwa kang'oe, anang'oa, na hakuna aliyemweleza kwamba jino lililotupwa halikuwa na hata tundu.

Matibabu ya kwanza ya mfuko si upasuaji. Daktari au msaidizi wake anasafisha mzizi chini ya fizi, mara nyingi kwa sindano ya ganzi, halafu anakupa wiki kadhaa na kupima tena. Kwa watu wengi kazi inaishia hapo: uvimbe unashuka, mfuko unapungua, damu inakata. Ila hata pale kidonda kinapopona vizuri kabisa, ukiweza kukitazama kwa hadubini unakuta jambo la ajabu. Nyuzi hazijarudi. Sementi mpya haipo. Kilichotokea ni kwamba ngozi ya fizi imeteremka kando ya mzizi na kujibandika. Pamefungwa, panalindwa, lakini kamba za kitanda hazikufungwa upya.

Hapo ndipo tofauti ya kupona na kuota upya inapoonekana. Mkono ukikatwa na kisu unapona, lakini unabaki na kovu, na kovu si ngozi ile ya zamani. Hata mjusi ambaye tunamsifia kuotesha mkia, mkia ule mpya ndani hauna pingili za uti wa mgongo, una mrija wa gegedu tu. Swali lililowasumbua madaktari wa fizi kwa miaka mingi ni hili: kama seli za kujenga nyuzi zipo palepale, milimita chache tu chini ya kidonda, kwa nini hazijengi?

Mwaka 1976 mtafiti Antony Melcher wa Toronto, Kanada, alitoa jibu ambalo lilibadilisha fani nzima, na nadhani ni jibu zuri kwa sababu ni rahisi. Alisema baada ya kusafishwa, uso wa mzizi ni eneo lililo wazi, na kuna aina nne za seli zinazoweza kuja kulikalia: za ngozi ya juu ya fizi, za nyama ya fizi iliyo chini ya ngozi hiyo, za mfupa, na za ligamenti. Atakayefika wa kwanza ndiye atakayeamua kidonda kitapona namna gani.

Yaani ni kiwanja. Sote tunajua kinachotokea kwa kiwanja kilichoachwa wazi mjini: mwenye hati yuko mkoani anatafuta fedha, huku wenye haraka wameshasimamisha vibanda. Ngozi ya fizi ndiyo mvamizi wetu hapa. Inaweza kutembea kama nusu milimita kwa siku. Seli za ligamenti zinaanzia mbali zaidi, chini, na zina mwendo wa taratibu. Zinapofika zinakuta nyumba ya mtu.

Wazo zuri lakini halijathibitishwa ni wazo tu. Waliolipeleka mbele ni watafiti waliokuwa Göteborg, Uswidi, wakiwemo Sture Nyman, Jan Lindhe na Thorkild Karring. Katika majaribio yao ya wanyama waliyoyachapisha mwaka 1980 walichukua mizizi iliyokuwa imeugua, wakaisafisha, kisha wakaipandikiza mahali ambapo ingeguswa na aina moja ya tishu kwa wakati. Mzizi uliowekwa kwenye mfupa uligandana na mfupa, na mfupa ukaanza kuula. Mzizi uliolazwa kwenye nyama ya fizi nao uliliwa. Kwa hiyo hata mfupa, ambao kila mtu angedhani ndiyo rafiki wa jino, ukifika wa kwanza ni balaa. Na ile ngozi tuliyoiita mvamizi, kumbe ina faida yake: inapofunika mzizi inauzuia usiliwe. Ni mvamizi anayelinda kiwanja dhidi ya wavamizi wabaya zaidi. Wakabaki na mgombea mmoja wa kweli, ligamenti.

Mwaka 1982 Nyman, Lindhe na Karring, pamoja na Harald Rylander, wakafanya jaribio kwa binadamu. Lilikuwa jino la mbele la chini, lililoharibika sana na ambalo lilikuwa ling'olewe vyovyote. Waliifunua fizi, wakausafisha mzizi, kisha kabla ya kurudisha fizi wakaweka kati yake na mzizi kipande cha chujio la maabara, aina ya Millipore. Chujio lile lilizuia ngozi na nyama ya fizi zisiguse mzizi. Hakuna dawa iliyopakwa, hakuna seli iliyopandwa. Baada ya miezi mitatu wakalitoa jino pamoja na tishu zilizolizunguka, wakatazama kwa hadubini. Kwenye mzizi ambao ugonjwa ulikuwa umeuacha mtupu kulikuwa na sementi mpya, na ndani ya sementi hiyo nyuzi mpya zimejichimbia. Miaka minne baadaye, mwaka 1986, Jan Gottlow na wenzake walichapisha taarifa za wagonjwa wengine, na hapo ndipo jina la uoteshaji elekezi lilipoingia rasmi.

Sisi wa kitivo cha elimu tuna hadithi inayofanana na hii. Mwanasayansi wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970 alipima muda ambao mwalimu anasubiri baada ya kuuliza swali kabla hajamtaja mtu, au hajajibu mwenyewe. Alikuta ni kama sekunde 1. Walimu waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalikuwa marefu zaidi, na watoto waliokuwa kimya siku zote wakaanza kusema. Uwezo walikuwa nao. Walikuwa wanawahiwa na wale wa "mimi mwalimu, mimi mwalimu!" Mwaka jana fildi nilijaribu kuhesabu sekunde tatu kimoyomoyo, na niwaambie, ni ndefu kama foleni ya bumu. Basi ule utando wa Göteborg ni mwalimu anayesubiri. Haufundishi kitu, unawashikilia wenye haraka.

Ila si kila kitambaa kinafaa kuwa uzio. Utando lazima uvumiliwe na mwili, uzuie seli za fizi, ushikilie umbo lake ili pabaki nafasi chini yake, na udumu wiki kadhaa. Baada ya lile chujio la majaribio, utando wa kwanza uliotengenezwa kwa kazi hii ulikuwa wa politetrafluoroethilini iliyovutwa, jina ambalo nimeliandika mara moja na sitalirudia. Ni ndugu wa ile Teflon ya kikaango kisichogandisha. Mwaka 1969 Robert Gore wa Marekani aligundua kwamba ukiipasha moto na kuivuta kwa nguvu ghafla, inatanuka na kuwa na vitundu vidogo mno. Ndiyo hiyo inayoshonewa makoti ya mvua ya Gore-Tex. Mwilini ilifanya kazi vizuri lakini ilikuwa na kero moja kubwa: haiyeyuki. Baada ya wiki 4 hadi 6 mgonjwa anapasuliwa tena ili itolewe. Na mara nyingi kabla ya siku hiyo fizi ilikuwa inarudi nyuma, utando unachungulia mdomoni, bakteria wanaupanda, na kazi yote inaharibika.

Kwa hiyo siku hizi zinatumika zaidi tando zinazoyeyuka zenyewe. Nyingine ni za plastiki maalumu ya asidi ya laktiki, ambayo mwili unaivunja taratibu. Nyingi zaidi ni za kolajeni, protini ileile inayotengeneza ngozi na kano zetu. Sasa hapa nitasimama kidogo, kwa sababu kolajeni haitoki hewani. Baadhi ya tando zinazotumika sana duniani zinatengenezwa kwa ngozi ya nguruwe. Nyingine zinatoka kwa ng'ombe. Na ile jeli maarufu ya Emdogain, ambayo madaktari wengine wanaipaka kwenye mzizi badala ya kuweka utando, inatokana na vichipukizi vya meno ya nguruwe wachanga. Kwenye chuo chenye Waislamu wengi kama chetu, na Wasabato pia, si jambo la kupitia kimyakimya. Masheikh wana mjadala wao kuhusu dharura na kuhusu istihala, yaani kitu kilichogeuzwa hadi kikawa kitu kingine, na mimi sina elimu ya kuuingilia. Ninachosema ni kwamba mgonjwa ana haki ya kuambiwa kabla ya sindano, na daktari ana njia nyingine za kumpa. Anayeuliza "daktari, hii imetokana na nini?" hajamkosea mtu heshima.

Upasuaji wenyewe unafanyika umekaa kwenye kiti cha kawaida cha kliniki, uko macho, eneo limetiwa ganzi. Daktari anakata kandokando ya shingo za meno na kuifunua fizi kama unavyofunua ukurasa. Anatoa nyama laini ya ugonjwa iliyojaa shimoni, anasugua mzizi mpaka uwe safi kabisa; rafiki yangu anasema hapa ndipo muda mwingi unakwenda na hapa ndipo mtu mvivu anaponzwa. Mara nyingi shimo linajazwa chembechembe za mfupa. Unaweza kuwa mfupa wako mwenyewe uliokwanguliwa pembeni, wa mtu aliyechangia, wa ng'ombe uliochomwa na kusafishwa mpaka yakabaki madini tu, au wa kutengenezwa kiwandani. Kazi yake kubwa ni kama ya nguzo za turubai la msibani: kuushikilia utando usidondokee kwenye mzizi. Kisha utando unakatwa kwa kipimo, uvuke kingo za shimo kwa milimita 2 au 3 kila upande, unalazwa, na fizi inarudishwa juu yake na kushonwa ifunike kila kitu. Chini ya turubai hilo linabaki donge la damu. Halionekani kama kitu cha maana, lakini ndilo litakalokaribisha mishipa mipya na seli za ligamenti na za mfupa. Likitikiswa au likiambukizwa, hakuna kitakachoota.

Nisiwadanganye kwamba hii ni dawa ya kila jino linalocheza. Yote inategemea umbo la uharibifu. Mfupa ukiliwa wima, pembeni mwa jino, unaacha shimo jembamba lenye kuta, kama kikombe. Hapo nafasi ni nzuri, kwa sababu seli za kujenga zinatoka kwenye kuta na donge la damu limetulia. Ile aina ya vijana niliyoitaja mwanzo mara nyingi inakula hivyo, wima. Lakini mfupa ukiliwa mlalo, sawasawa kwa meno yote, kama ukuta wa udongo ulionyeshewa ukapungua kimo, hakuna kikombe wala kuta, na utando hauna cha kuegemea. Upasuaji huu hauwezi kuurudisha ukuta huo. Magego nayo yana mizizi inayogawanyika kama uma: kama ugonjwa umeingia kwenye njiapanda ya mizizi lakini haujatokea upande wa pili, inawezekana kufanya kitu, ukishatoboa kabisa, matokeo huwa mabaya.

Na hata pale panapofaa, tupime kwa milimita. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2006 yalilinganisha upasuaji huu na upasuaji wa kufunua fizi na kusafisha tu, bila utando. Kwa mashimo ya wima, utando uliongeza wastani wa kama milimita 1.2 za mshiko, na matokeo yalitofautiana sana kati ya utafiti mmoja na mwingine. Ukiisoma haraka utacheka. Milimita moja? Lakini mzizi mzima wa jino la mbele una urefu wa kama milimita 12 tu, na tofauti ya mfuko unaosafishika na usiosafishika ni milimita hizohizo moja au mbili.

Utafiti ulionishawishi zaidi ni wa Pierpaolo Cortellini na Maurizio Tonetti, uliotoka mwaka 2020. Walichukua wagonjwa 50, kila mmoja akiwa na jino ambalo mfupa wake umeliwa mpaka kwenye ncha ya mzizi. Ni meno ambayo daktari yeyote angesema basi. Nusu waling'olewa na kuwekewa jino la bandia, la kupandikiza au la daraja. Nusu wakafanyiwa uoteshaji. Baada ya miaka 10, asilimia 88 ya meno yaliyokuwa yamehukumiwa kifo yalikuwa bado mdomoni yakitafuna, na gharama kwa ujumla zilikuwa ndogo kuliko za upande wa bandia. Bandia zenyewe hazikupotea hata moja, lazima tuseme hivyo kwa haki. Na wagonjwa wote walikuwa mikononi mwa mabingwa, wakifuatiliwa kwa karibu sana. Huwezi kuchukua namba hiyo ukaibandika kwenye kliniki yoyote ile.

Hata hivyo kuna kitu kwenye mzani ule kinanifikirisha. Kwao, upande wa pili wa uoteshaji ni jino la bandia zuri. Kwetu, mwanafunzi akiambiwa kang'oe, upande wa pili kwa kawaida ni pengo. Jino la jirani linaanza kuinamia pengo, la juu linashuka kutafuta mwenzake, na fedha ya bandia inasubiri ajira ambayo nayo inasubiri. Kwa hiyo hoja ya "kung'oa ni rahisi" ni kweli kwa siku ile tu ya kung'oa.

Kinachoua matokeo ya upasuaji huu kuliko vyote ni mambo ambayo daktari hayawezi. Sigara inapunguza sana uponaji, na wa shisha wasijifiche nyuma ya ladha ya tufaha, moshi ni moshi. Kisukari kisichodhibitiwa vilevile. Ugonjwa wa fizi na kisukari vinachocheana, kila kimoja kinamfanya mwenzake kuwa mbaya. Na usafi. Mtu ambaye hawezi kupunguza ukoga kabla ya upasuaji hafanyiwi, na daktari mzuri atakuambia usoni. Baada ya upasuaji hupigi mswaki pale palipokatwa kwa wiki za mwanzo, unasukutua kwa dawa ya klorheksidini, nyuzi zinatolewa baada ya kama wiki mbili, halafu unarudi kusafishwa mara kwa mara. Daktari mwenyewe hachomeki kipimo kwenye mfuko ule mpaka ipite kama miezi 6, asije akavunja kinachoota.

Sasa ukiona damu kwenye mswaki kila siku, au jino linacheza na halijatoboka, usianze na swali la bei. Mwambie daktari apime mifuko, kazi ya dakika chache kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita, na uombe kuonyeshwa namba zako. Kama kuna mfuko mrefu, uliza kwenye picha ya eksirei mfupa umeliwa wima au mlalo, na akuonyeshe kwa kidole. Ukiambiwa ni wima, uliza ni nani mkoani kwenu au hospitali ya rufaa ya karibu mwenye utaalamu wa fizi, kabla hujakubali kufungua mdomo kwa ajili ya koleo.